Windows 7 imepigwa upya: viraka gani viingie kwanza, na kipi kinafuata

Windows 7 ikishapigwa upya kwenye kompyuta kuukuu, mkono hukimbilia Control Panel, Windows Update, halafu kitufe cha “Check for updates”. Mstari wa kijani unaanza kwenda na kurudi. Saa ya kwanza inapita, ya pili inapita, feni inanguruma, na hakuna kinachobadilika kwenye skrini. Mara nyingine mstari wenyewe haufiki mbali: linatokea bango jekundu lenye msimbo 80072EFE, na mwenye kompyuta anaamini Microsoft imeshafunga duka.

Viraka, yaani masasisho ya Windows, bado vipo. Kilichoharibika ni mpangilio. Windows 7 iliyotoka kwenye diski haiwezi tena kujisasisha yenyewe kuanzia mwanzo. Inabidi uilishe viraka vichache kwa mkono, kimoja baada ya kingine, ndipo ile Windows Update ianze kufanya kazi. Ukifuata mpangilio, kazi nzima ni ya nusu siku kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka, na ni fupi zaidi ukiwa na SSD.

Kabla ya yote, jiulize kama kompyuta hiyo ina sababu ya kubaki na Windows 7. Viraka vya bure vilikoma 14 Januari 2020, na mashirika yaliyolipia nyongeza yalifika mwisho Januari 2023. Sababu nzuri zipo: printa au plota ambayo mtengenezaji hakuwahi kuitolea drayva mpya, mashine ya maabara, programu ya uhasibu iliyonunuliwa zamani na bado inafanya kazi. Ikiwa kompyuta ni ya kuperuzi, barua pepe na miamala ya benki tu, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, uachane na haya yote.

Menyu na vitufe tumeviandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo vinavyosomeka kwenye Windows nyingi zilizopo mitaani.

Kwa nini inakwama

Kuna mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

La kwanza ni ule mwendo wa kobe. Diski ya Windows 7 yenye SP1 (Service Pack 1, mkusanyo mkubwa wa kwanza wa viraka) ni ya mwaka 2011, na programu ya kutafuta masasisho iliyomo ni ya wakati huo. Kila inapotafuta, inalazimika kupitia mamia ya viraka na kupima kila kimoja: kipi kimefutwa na kipi, kipi kinamtegemea nani. Ukifungua Task Manager utaona svchost.exe moja imeshika kiini kizima cha prosesa na kumbukumbu inapanda. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 1 au 2 hapo ndipo diski inapoanza kutumika badala ya RAM, na kila kitu kinasimama. Microsoft ililitatua hili mwaka 2016, lakini utatuzi wenyewe uko ndani ya viraka ambavyo kompyuta yako bado haina.

La pili ni saini. Hadi mwaka 2019 viraka vya Windows 7 vilitiwa saini ya kidijitali ya aina ya SHA-1. Kisha Microsoft ikahamia SHA-2 peke yake, na mwaka 2020 ikafunga anwani za seva zilizokuwa zikizungumza kwa njia ya zamani. Windows 7 mbichi haiijui SHA-2 ipasavyo, kwa hiyo haiwezi kupokea kiraka kitakachoifundisha SHA-2. Mlango umefungwa na ufunguo uko ndani. Ndiyo maana ya 80072EFE kwenye kompyuta iliyopigwa leo, ingawa msimbo huohuo unaweza pia kutokea mtandao ukikatika.

Kagua haya kwanza

Tarehe. Kompyuta za zamani, hasa za mtumba zilizokaa stoo, mara nyingi betri ya ubao mama imekufa. Ukiwasha, BIOS inakuonyesha mwaka uliopita zamani, na tarehe ikiwa si sahihi vyeti vyote vya usalama vinaonekana batili: tovuti hazifunguki, viraka vinakataliwa. Betri hiyo ni CR2032, ile bapa ya duara inayouzwa hata kwa mafundi saa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, badilisha, kisha ingia BIOS (mara nyingi ni F2, Delete au F10) urekebishe saa. Ndani ya Windows chagua ukanda wa “(UTC+03:00) Nairobi” ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda. Burundi, Rwanda na Lubumbashi wako saa moja nyuma, kwenye “Harare, Pretoria”.

Toleo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Ukiona 7601: Service Pack 1, uko sawa. Ukiona 7600, hiyo ni Windows 7 ya mwaka 2009 isiyo na SP1, na hakuna kiraka kati ya vinavyofuata kitakachoingia. Utahitaji KB976932 (KB na tarakimu zake ni namba ya Microsoft ya kutambulisha kiraka), ambayo ndiyo SP1 yenyewe: faili la MB 903 kwa bit 64, MB 537 kwa bit 32. Linataka nafasi kubwa ya muda kwenye diski C, kama GB 7.4 kwa bit 64 na GB 4.1 kwa bit 32. Ukiwa ndiyo kwanza unapiga Windows, ni rahisi zaidi kutafuta ISO, yaani faili la nakala ya diski ya Windows, ambayo tayari ina SP1.

Bit. Bofya kulia Computer, Properties, soma “System type”. Liandike mahali. Makosa mengi ya “The update is not applicable to your computer” yanatokana na mtu kupakua la x86 kwa kompyuta ya x64.

Drayva. Windows 7 mara nyingi haina drayva ya kadi ya mtandao. Kwenye Device Manager, kifaa chenye alama ya njano kifungue Properties, Details, “Hardware Ids”. Utaona kitu kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Sehemu ya VEN inakwambia mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Kwa namba hizo unapata drayva sahihi kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu, bila kuhitaji zile programu za “driver updater” ambazo nyingi zinakuja na takataka. Anza na chipset, kisha mtandao, kisha onyesho la skrini.

Jambo dogo linalopoteza muda: Windows 7 haina drayva ya USB 3.0. Ukichomeka flashi kwenye tundu la bluu na isionekane, haijafa. Ihamishie kwenye tundu jeusi.

Mwisho, chanzo. ISO zilizochezewa, zile zinazoitwa “lite” au zenye mapambo, mara nyingi zimeng'olewa huduma ambazo viraka vinazihitaji. Kiraka kikubwa kinafika nusu kinarudi nyuma, na hakuna ujanja utakaosaidia. Piga upya kwa ISO safi ya toleo ambalo una leseni yake.

Zima utafutaji, chomoa mtandao

Mwishoni mwa kupiga Windows kuna ukurasa unaouliza kuhusu ulinzi na masasisho. Chagua “Ask me later”. Kama umeshapita hapo, nenda Control Panel, Windows Update, “Change settings”, chagua “Never check for updates”, kisha washa kompyuta upya. Kuwasha upya si hiari: utafutaji uliokwisha kuanza unaendelea chinichini hata baada ya kubadilisha mpangilio.

Usiende mbali zaidi ukaiweka huduma ya Windows Update kuwa Disabled kwenye services.msc. Kisakinishi cha viraka kinaitegemea huduma hiyohiyo, na ikiwa imezimwa kabisa utapata 0x80070422.

Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Viraka vya mwanzo vinaingia bila intaneti.

Kupakua

Tumia kompyuta nyingine. Internet Explorer 8 iliyomo kwenye Windows 7 mbichi haifungui tovuti nyingi za leo, na ya Microsoft ni mojawapo. Nenda catalog.update.microsoft.com, andika namba ya kiraka kwenye kisanduku cha kutafutia. Orodha itakayotokea huwa na mchanganyiko: Windows 7, Windows Server 2008 R2, Windows Embedded, Itanium. Chukua mstari unaosema “Windows 7 for x64-based Systems” kama ni bit 64, au “Windows 7” bila x64 kama ni bit 32. Jumla ni karibu GB 1 kwa bit 64, kwa hiyo nunua bando linalotosha au pakua usiku kama kifurushi chako kina saa za nafuu. Kisha weka kwenye folda moja ya flashi, uyape mafaili majina yenye namba mbele ili usichanganye mpangilio:

1-KB3020369
2-KB3125574
3-KB4490628
4-KB4474419
5-KB4536952
6-KB4534310

Faili likibaki na mwisho wake wa .msu, kubadilisha jina hakulidhuru. Pakua mara moja tu na uitunze flashi hiyo. Ukiwa na kompyuta kumi za shule za kushughulikia, bando la moja linatosha zote.

Kuviingiza

Nakili folda kutoka flashi kwenda diski C kwanza. Flashi za zamani ni polepole, na ikilegea katikati ya kazi utaanza upya.

Fungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi: Start, andika cmd, bofya kulia, “Run as administrator”. Kabla ya kila kiraka andika:

net stop wuauserv

kisha bofya faili mara mbili papo hapo. Amri hiyo inaizima huduma iliyoshikwa na kazi nyingine. Kisakinishi kitaiamsha chenyewe. Bila hivyo unaweza kukaa saa nzima ukitazama “Searching for updates on this computer”. Ikitokea, funga dirisha, rudia amri, bofya tena.

KB3020369 ni kiraka cha injini yenyewe ya kusakinisha viraka, cha Aprili 2015. Ni kidogo, kama MB 10. Kiingize peke yake. Kina tabia inayojulikana: kikichanganywa na vingine vinavyosubiri, kompyuta ikiwaka upya inaweza kuganda kwenye “Stage 3 of 3”. Hilo likikukuta, bonyeza Ctrl+Alt+Delete, itaendelea kama kawaida na haitarudia.

KB3125574 ndicho kifurushi kikubwa. Microsoft ilikusanya humo karibu viraka vyote vilivyotoka baada ya SP1 hadi Aprili 2016, kikawa kama SP2 isiyo na jina. MB 477 kwa bit 64, MB 316 kwa bit 32. Hapa ndipo uvumilivu unapohitajika: kwenye diski ya kuzunguka na prosesa ya Core 2 Duo, hesabu zaidi ya nusu saa, halafu muda mwingine wakati wa kuzima na wa kuwaka. Kifurushi hiki hakina Internet Explorer 11 wala .NET (maktaba ya Microsoft ambayo programu nyingi huihitaji); hivyo vinakuja baadaye. Bila KB3020369 kitakataa kuingia na kudai hakihusiani na kompyuta yako, kauli inayowapotosha wengi. Kikimaliza, washa upya hata kama hujaombwa.

KB4490628 ni injini mpya zaidi, ya Machi 2019. KB4474419 ndicho kinachoifundisha Windows 7 kusoma saini za SHA-2. Angalia sana hapa: kwenye katalogi namba hiyo inatokea zaidi ya mara moja, kwa sababu Microsoft ilikitoa Machi 2019 kisha ikakirekebisha. Chukua kinachoanza na 2019-09. Hicho cha Septemba kina marekebisho ya mafaili ya kuwashia kompyuta ambayo cha Machi hakina. Ingiza KB4490628, halafu KB4474419, kisha washa upya.

Sasa mlango uko wazi. KB4536952 ni injini ya Januari 2020, na KB4534310 ni kiraka cha jumla cha mwezi huohuo, cha mwisho kutolewa bure kwa wote. Vyote viwili vimetiwa saini ya SHA-2 pekee, ndiyo maana ukijaribu kuviingiza mapema unapata 0x80092004. Hakikisha umechukua “Security Monthly Quality Rollup”. Kuna kingine cha siku ileile kinachoitwa “Security Only”, namba KB4534314, ambacho hakijumuishi yaliyopita.

Kuna kundi moja la kompyuta lisilopaswa kufika hapa. Zenye prosesa isiyo na maagizo ya SSE2, yaani za zamani kama Pentium III na Athlon XP, zinaangukia skrini ya bluu kwa viraka vya jumla vya kuanzia Machi 2018, na Microsoft haikuwahi kulitengeneza hilo. Kama unayo, ishia KB3125574 na uiweke mbali na intaneti.

Kiraka cha ziada: KB4534310 kilikuja na kasoro ya kuchekesha, picha ya mezani iliyowekwa kwa mtindo wa “Stretch” inageuka nyeusi. KB4539602 inairekebisha. Ukiona uvivu kuipakua, badilisha mtindo uwe “Fill”.

Umeme

Laptopu iwe kwenye chaji na betri yenye uhai. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ichagulie saa ambazo mgao au kukatika si kawaida mtaani kwenu. Umeme ukikatika wakati skrini inasema “Configuring Windows updates, do not turn off your computer”, mara nyingi Windows ikiwaka itasema “Reverting changes” na kurudi ilipokuwa. Iache. Inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kusakinisha kwenyewe, na kuizima kwa hasira ndiko kunakoiua. Kipimo ni taa ya diski: ikiwa inapepesa, kazi inaendelea. Imetulia kabisa kwa saa mbili au zaidi, hapo unaweza kuizima kwa kitufe.

Ikianza kuzunguka bila kuingia, bonyeza F8 mara inapowaka, chagua “Repair Your Computer”, fungua “Command Prompt” na uandike:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Ukiwa huko herufi za diski mara nyingi zimebadilika, C ya kawaida ikawa D. Hakiki kwanza kwa dir C:\ na dir D:\ uone ipi ina folda ya Windows. Amri hiyo inafuta viraka vilivyokuwa vinasubiri. Ukishaingia, unaanza tena pale ulipoishia.

Sasa ndiyo Windows Update

Rudisha mtandao, weka mpangilio wa “Check for updates but let me choose”, kisha bonyeza kile kitufe ulichokuwa ukikikwepa. Utafutaji ambao ungekula siku nzima sasa unahesabika kwa dakika. Ukipata tena 80072EFE, fungua “View installed updates” uhakikishe KB4474419 imo kweli. Mara nyingi mtu amekiingiza lakini hakuwasha upya.

Chukua kundi la “Important” kwanza, ukiviacha vya .NET kwa awamu yake. Vya .NET vina mazoea ya kushindwa vikichanganywa na vingine, kisha kuingia salama vikiwa peke yake. Washa upya, tafuta tena, rudia hadi orodha iishe. Baadhi ya viraka havionekani mpaka vingine viwe vimeingia, kwa hiyo duru tatu au nne ni kawaida.

Kwenye “Optional” usibebe kila kitu. Windows 7 Ultimate inakuorodheshea vifurushi vya lugha zaidi ya thelathini, na mtu akiweka alama zote anamaliza bando na nafasi ya diski kwa Kifini na Kithai. Drayva za hapo zichukue tu kwa kifaa ambacho bado kina alama ya njano. Drayva ya onyesho iliyotoka kwa mtengenezaji wa laptopu mara nyingi ni bora kuliko ile ya Windows Update.

.NET Framework 4.8 ikihitajika na programu yako, tumia kisakinishi kamili cha nje ya mtandao. Kikilalamika kwamba mnyororo wa vyeti haukuweza kujengwa, kinachokosekana ni cheti cha Microsoft Root Certificate Authority 2011. Ukiwa umeunganishwa, Windows kwa kawaida hukivuta yenyewe. Ukiwa nje ya mtandao, pakua faili la cheti, libofye, “Install Certificate”, uliweke kwenye “Trusted Root Certification Authorities”.

Programu za zamani za barua pepe, mfano Outlook 2010, zinaweza kushindwa kuungana na seva hata baada ya yote haya, kwa kuwa zinaanza mazungumzo kwa toleo la kale la TLS, njia ya kuficha mawasiliano ya mtandaoni. Dawa ni KB3140245, lakini kiraka peke yake hakitoshi. Inabidi pia kuweka kwenye rijista (hazina ya mipangilio ya Windows, inayofunguliwa kwa regedit), chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Internet Settings\WinHttp, thamani ya DWORD yenye jina DefaultSecureProtocols na namba ya heksadesimali A00. Kwa bit 64 irudie chini ya SOFTWARE\Wow6432Node kwa njia ileile. Wengi huingiza kiraka, wakasahau rijista, wakasema hakifanyi kazi.

Viraka vya baada ya Januari 2020, ukiacha KB4539602, vimejaa kwenye katalogi na vinapakulika. Kwenye kompyuta isiyo na leseni ya nyongeza vinajifanya kuingia, kisha wakati wa kuwaka vinarudi nyuma na kukupotezea saa. Viache.

Vikikataa

“Not applicable” ina maana tatu: bit si yenyewe, kiraka tayari kimo ndani ya kingine kikubwa, au kitangulizi chake hakijaingia. Angalia kwa mfuatano huo.

Makosa ya 0x80070002 na 0x80070003 mara nyingi ni mafaili ya muda yaliyovurugika. Kwenye dirisha la amri la msimamizi:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SD-zamani
net start bits
net start wuauserv

Windows itatengeneza folda mpya. Historia ya masasisho itaonekana tupu, lakini viraka vyenyewe vipo. Siku mbili tatu zikipita salama, futa SD-zamani.

Viraka vingi tofauti vikishindwa kwa misimbo tofauti kila mara, acha kuhangaika na viraka, pima vifaa. Endesha chkdsk C: /r na kipimo cha RAM kwa kuandika mdsched. Diski iliyochoka hujitokeza hasa wakati huu, kwa sababu hakuna kazi nyingine inayoandika mafaili madogo mengi kiasi hiki kwa mpigo. Ukiona muda wa KB3125574 unapita saa tatu huku taa ya diski imeganda bila kupepesa, shuku diski kabla ya kuishuku Microsoft.

Kusafisha na kuhifadhi

Ukimaliza, folda ya WinSxS imenenepa kwa GB kadhaa. Endesha Disk Cleanup, bofya “Clean up system files”, weka alama kwenye “Windows Update Cleanup”. Usipoiona, inakosekana KB2852386. Usafishaji halisi unafanyika kompyuta ikiwaka upya na unaweza kuchukua muda kwenye “Cleaning up”. Kama ulianza na 7600 ukaongeza SP1 mwenyewe, kuna nafasi zaidi ya kurudisha:

dism /online /cleanup-image /spsuperseded

Baada ya hapo SP1 haiwezi kuondolewa, na hakuna sababu ya kutaka kuiondoa.

Brauza: Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, kwa hiyo tumia Firefox ESR 115, tawi ambalo Mozilla iliendelea kulitia viraka vya usalama kwa ajili ya Windows 7 na 8. Internet Explorer 11 iingize kwa sababu programu nyingine zinaegemea injini yake, ila usiperuzi nayo. Mtumiaji wa kila siku awe na akaunti ya “Standard user”, na nenosiri la msimamizi likae kwako.

Kisha chukua picha ya mfumo mzima kabla mtu hajaanza kuitumia. Control Panel, “Backup and Restore”, “Create a system image”, uihifadhi kwenye diski ya nje iliyofomatiwa NTFS, FAT32 haitakubali. Kompyuta isiyo na kichomeo cha CD haihitaji “system repair disc”: flashi uliyopigia Windows ina “Repair your computer” na ndani yake “System Image Recovery”. Diski utakayorudishia isiwe ndogo kuliko ile ya awali, hata kama data yenyewe ni kidogo, kwa hiyo ukipanga kuhamia SSD ya GB 120 kutoka diski ya GB 320, hamia kwanza ndipo uchukue picha.